Kiingilio

Jumamosi, lango la Pande. Askari anahesabu vichwa,
anakata risiti. Mjukuu wangu Shamte
kavaa raba mpya, kabeba maji na karanga,
anauliza kama nyani wapo.

Wapo, nasema. Sisemi nimejuaje.

Mwongozaji wetu, Mwajabu, binti mdogo,
anagonga gome: "Huu mkongo. Umri wake
unamzidi hata bibi." Tunacheka.
Mimi nacheka nikitazama kisiki cha pembeni,
kimechipua vijiti vitatu
vyembamba kama vidole vya kichanga.

Miaka ile, Tegeta, nilipima msitu huu kwa kopo.
Magunia yalishushwa usiku, yangali na joto tumboni;
sikuuliza yatokako. Chungu kiliiva,
baba yake Shamte akasoma.

Njia inapanda. Magoti yanalalamika.
Kivuli hakinidai kitu,
na hilo ndilo linalonichoma.
Shamte yuko mbele, anapiga mbinja;
ndege gani sijui, anamjibu.

Risiti nimeikunja mara nne,
nimeifunga kwenye pindo la khanga,
palepale nilipokuwa nikifunga pesa za mkaa.