Mkono Mfupi

Fundi Eluned, pale Dolgellau,
alipima paja langu kwa futi ya seremala, akacheka:
"Miaka sita unakanyaga kwa miguu ya mwenzio!"

Kweli. Kranki ilikuwa ya kaka yangu Gethin,
pande la mtu;
meno ya duara tatu, mawili hayajaonja mnyororo
tangu mvua ya mazishi.

Nilitamani ya kaboni. Mfuko ukakataa.
Nikachukua alumini, mikono mifupi,
duara moja, meno thelathini, basi.

Boliti ya zamani iling'ang'ania.
Eluned akaning'iniza uzito wote kwenye spana
hadi ikalia, ikaachia.

Asubuhi, mlima ule ule, matope yale yale.
Goti kimya.
Karibu na kilele nikainua macho, kwa mazoea,
kumtafuta mbele.

Kondoo tu.