Lililoanguka Likiwaka

Tulilikuta chini ya vilima vyeusi vya Workington,
maji yamekupwa, mvua ya rasharasha,
mimi na Salha, siku yangu ya mapumziko.
Jiwe kama kichwa cha mtoto mchanga,
jeusi, zito kupita umbo lake.
"Mama, hili halikuzaliwa hapa."

Nyumbani nikabandua sumaku ya friji,
ile yenye picha ya kimondo cha Mbozi
nilichokiona nikiwa darasa la sita,
kimelala kama ng'ombe aliyegoma kuondoka.
Sumaku ikanichopoka. Tap! Ikanata.
Salha akapiga vigelegele,
jirani akagonga ukuta.

Bibi alitufunza: kimondo ni kijinga cha moto,
malaika humtupia shetani anayedukiza mbinguni.
Basi nikalipa jiwe heshima zake, nikalitandikia taulo,
na usiku nikalipigia bei kimoyomoyo:
kodi ya nyumba, viatu vya shule,
nauli ya kwenda kuliona kaburi la baba
niliyemzika kwa simu.

Alhamisi nikalibeba hadi kwa mzee Wilfred Tinnion,
ninayemwogesha mara mbili kwa wiki.
Aliagiza tupa. Aliagiza kigae cha bafuni,
akakigeuza mgongo, akalisugua jiwe juu yake:
hakuna mchirizi, si mwekundu, si mweusi.
"Vizuri," akasema.
Akalinoa ukingo, punje za chuma zikameta.
"Vizuri."
Moyo wangu ukapanda ngazi mbili mbili.

Kisha akavaa miwani, akanyamaza mno.
"Tazama matundu haya."
Vitundu vidogo vidogo,
kama vya mkate wa kumimina.
"La mbinguni halina pumzi ndani.
Hili lilichemka. Hili ni letu."

Kwetu lina jina, nikamwambia,
nikaona haya, nikalitafsiri hivyo hivyo:
mavi ya chuma.
Alicheka hadi mashine ya oksijeni ikalia.

Ndipo akanisimulia mabehewa ya usiku,
yalivyoinamishwa ukingoni, uji wa moto
ukateremka kilima kuifuata bahari,
na mji mzima ukawa mwekundu,
mtu akaweza kusoma barua uani bila taa.
Miaka thelathini na mmoja kwenye tanuri.
Mguu wa kaka yake ulibaki huko.
Halafu wakazima.
Hakusema zaidi, akaomba chai.

Jioni Salha akanivamia mlangoni:
"Ni kimondo?"
Nikafikiri nikiwa bado na koti.
Lilianguka usiku, nikasema, likiwaka,
na watu walitoka nje kulitazama.
"Kwa hiyo ni kimondo."
Sikubisha.

Sasa linauzuia mlango wa jikoni
usijibamize kwa upepo wa baharini.
Na mzee Tinnion, kila nikimfunga vifungo vya shati,
huniuliza, "Halijambo?"