Kopo la Herufi

Ligi imekwisha, kipupwe kimeingia Ngamiani.
Barabara ya Tisa wanapita na masweta,
na mimi, fundi wa jezi za Chuda Rangers,
nimerudi kwenye kazi za watu wazima:
gauni la mwali, suruali ya karani wa bandari,
sare za watoto wa Makorora.
Kazi zenye risiti.

Sisemi nimechoka magauni.
Nasema Jumamosi, saa kumi jioni,
mguu wangu hukanyaga cherehani wenyewe,
kasi, kasi, halafu husimama
kama uliosikia filimbi.

Msimu huu tulinusurika.
Neno lenyewe hilo, kunusurika,
la mtu anayetoka Bombo na dawa mfukoni.
Wa tatu kutoka mkiani, kisha mchujo,
kisha dakika ya themanini na nane
Shekiondo akaunga kwa goti.
Si kichwa, si kisigino. Goti.
Mpira ukaingia kwa aibu, ukijikokota,
nasi Mkwakwani tukapiga kelele
ambazo koo langu linazilipia mpaka leo.

Nalitazama bao lile kichwani kila usiku,
na kila usiku naogopa litatoka nje.

Sasa wanasema anaondoka.
Muuza kahawa kasema Dar. Kinyozi kasema Zambia.
Mwenye duka la vipuri vya baiskeli,
ambaye hajawahi kukata tiketi maishani,
kasema kijana ameshasaini, kaonyeshwa na nyumba,
ina feni kila chumba.
Tetesi za usajili ni uji wa njiani:
kila apitaye huongeza maji.

Jana katibu Mhina kaja na kiroba.
Ndani, jezi namba kumi,
bado inanuka jasho na dawa ya misuli.
"Bi Mwantumu, fumua jina. Kuna kijana anakuja."
Nikamuuliza: na zile pesa za jezi ishirini na mbili?
Akatazama dari, kama mlinda mlango
anayeusindikiza mpira kwa macho uende zake nje.

Herufi tisa. Nimeshika wembe.
S ilinitesa Agosti, kona zake kaidi.
O ya mwisho niliishona umeme umekatika,
kwa tochi ya simu, ikalala upande.
Mwenyewe alipoiona akacheka:
"Iache, mama. Nayo inakimbilia goli."

Uzi unakatika ti, ti, ti.
Binti yangu ananiuliza nalilia nini
mtu asiyejua nyumba yetu ina milango mingapi.
Silii. Wembe umenigusa kidole.
(Umenigusa kweli. Lakini baadaye.)

Herufi nazitia kwenye kopo la biskuti
pamoja na za waliotangulia:
Kihiyo, aliyevunjika mguu Pongwe;
Semkiwa, aliyekwenda Muheza kuuza machungwa
akanenepa vizuri;
na yule mrefu wa Kigoma, ambaye jina lake
lilizunguka mgongo likataka kuingia kwapani.
Mvua ikininyima wateja nazimwaga mezani,
napanga kikosi ambacho hakikucheza pamoja hata siku moja.
Hakijafungwa bado.

Kijana mpya anaitwa Nuhu.
Jina la safina, kwa timu inayozama; sawa.
Herufi nne tu, nimezishona asubuhi moja,
kisha nikanyoosha kitambaa dirishani.
Kushoto S na H, kulia D na O,
matundu ya sindano ya zamani, wazi,
unayasoma kama unasoma barua.

Nimepiga pasi mara tatu. Hayafi.
Nikamtumia katibu ujumbe: jezi tayari.
Matundu sikuyataja.

Mwali anataka pindo lake kabla ya Ijumaa.
Na huu mguu, umeanza tena;
nauambia, tulia wewe,
bado wiki saba.