Shimo la Nne

Mangamba, Agosti, mikorosho inatoa maua.
Kumi na miwili imefungwa utepe mwekundu: hiyo itabaki.
Mingine ni barabara tayari,
kwenye ramani, upana mita tisa.

Kazi yangu mimi ni chini.
Siulizwi habari za kivuli.
Nachimba, nasimama shimoni hadi kifuani,
nanusa, namwagia maji kidogo kiganjani,
nausokota udongo uwe uzi.
Ukikatika upesi, ni mchanga.
Ukirefuka kama mkia wa panya, una mfinyanzi,
na mfinyanzi una hasira mbili, ya kiangazi na ya masika.

Likokola anapiga nyundo, mimi nahesabu.
Shimo la kwanza, mapigo kumi na mawili, kumi na manne, kumi na manne.
La pili vivyo hivyo.
Mchanga mwekundu, wekundu wa bibo lililoiva,
mwaminifu, ila ukiloweshwa ghafla huketi
kama mtu aliyepewa habari ya msiba.
Naandika: msingi uende mita moja na nusu.
Naandika: maji ya bafu yasimwagwe ukutani.

La tatu lilikuwa na mzizi mnene kama paja.
Tuliukata. Ulitoa maji.

La nne, kiwanja namba kumi na saba,
chuma kilizama kwa pigo moja.
Likokola akanitazama, akapiga tena, kikazama tena.
"Hapa pamewahi kufukuliwa," akasema, akachukua sepeto.
Mita moja chini tukakuta mfuko uliooza, na mwingine, na mwingine,
na njano.
Njano ya kiini cha yai. Harufu ya kiberiti.

Salfa. Ya msimu ule iliyofika
maua yamekwisha kupukutika,
ikagandamana stoo ikawa mawe,
deni likabaki kwenye daftari la chama.
"Aliona aibu," alisema Bi Somoe, mjane,
amesimama ukingoni, khanga kaifunga kibwebwe.
"Aliizika usiku. Mimi nilimshikia taa."

Mwanawe, Bakiri, alinivuta pembeni.
Dada, ni shimo moja kati ya kumi na moja.
Lifukie. Sogea hatua nne, chimba jingine, andika hilo.
Akanipa soda ya baridi,
na chini ya soda, noti iliyokunjwa.
Nilikunywa soda.
Noti nikamrudishia, imelowa.

Kwa sababu salfa ikinywa mvua mwaka hadi mwaka hugeuka tindikali,
na tindikali huila zege taratibu, kuanzia chini,
mahali ambapo hakuna anayepiga deki.
Miaka sita, saba, halafu mlango unagoma kufunga
na mwenye nyumba anamlaumu seremala.
Kwetu Nachingwea tulimlaumu seremala.
Sasa ufa wa ukuta ule unapitisha mkono.

Nilimweleza Bi Somoe hivyo hivyo, pole pole,
nikitafuta maneno ya kumwambia mnunuzi.
"Mnunuzi yupi?" akauliza.
"Kumi na saba nimejibakizia mwenyewe.
Sikutaka mtu mwingine alale juu ya aibu yake."

Likokola alianza kupangusa nyundo iliyokwisha kuwa safi.

Nikamwambia: itolewe yote, mita mbili kwenda chini,
pajazwe kifusi kipya, kishindiliwe.
Akauliza bei ya lori. Nikamtajia.
Akauliza ni malori mangapi.
Akacheka kidogo, kwa pua.
"Mhogo je? Utakubali?"
Nikasema hautakubali.
"Basi nitaweka benchi."

Kwenye lebo ya mfuko nimeandika: shimo 4, mita 1, njano.
Nafasi ya maoni ina mistari miwili.
Wa kwanza nimeujaza: pasijengwe kabla ya kusafishwa.
Wa pili bado uko wazi,
na usiku huu ninasonga ugali Chikongola,
nimenawa mara tatu,
mkono bado unanukia njiti iliyozimwa sasa hivi.