Ndugu Mkulima

Mwaka wa kwanza nilichapisha karatasi elfu moja,
za njano, wino mweusi, na picha ya kiazi
kikubwa kuliko kichwa cha mtoto.
NDUGU MKULIMA! FIKA DUKANI KWETU UYOLE.
MBEGU BORA, BEI POA.
Kijana nikamlipa, akazigawa njia nzima hadi Kiwira,
na wiki haijaisha nikazikuta Isongole
zimefungia karanga za shilingi mia.
Muuzaji hakunitambua. Nilinunua mbili,
nikatafuna huku najisoma.

Ndugu Mkulima ni nani?
Miaka arobaini na moja nimo kwenye baridi hii,
sijawahi kupeana naye mkono.
Hana mke, hana deni, hana mteremko unaomeguka masika.
Mwite sokoni uone kama kuna atakayegeuka.

Basi mwaka wa pili nikafungua daftari.
Kila aliyeingia: jina, kijiji, eka ngapi,
nani hulipa akivuna, nani hulipa akikumbushwa,
nani ana goti bovu, apewe kiti.
Usiku wa Juni, jiko la mkaa chini ya meza,
vidole vimekufa ganzi, nikaandika kwa mkono
barua sitini na tatu.
Tulinagwe alisoma mbili, akavuta blanketi:
"Mimi hujawahi kuniandikia hata moja."

Ya Isongole ilipitia sanduku la usharika.
Jumapili, baada ya matangazo ya ndoa,
karani akaita: Anyandwile Mwalwisi!
Akaita tena, miwani puani,
kabla hajakumbuka kwamba ni yeye mwenyewe
aliyeshika kamba ya jeneza mwezi wa tatu,
mvua ikinyesha.
Kanisa zima likakohoa.

Hayo sikuyaona. Nilisimuliwa na aliyesimama kuipokea.
Alikuja Jumanne, viatu vina udongo mweusi,
barua ameifunga pindoni mwa kanga kama nauli.
"Wewe ndiye unayewaandikia wafu?"
Nikaanza kukusanya pole,
za Kiswahili na za kwetu.
Akainua kiganja.
"Soma hapa."

Nikasoma mwandiko wangu:
*Mwaka jana ulisema utaijaribu ile nyekundu
kwenye kipande cha juu, karibu na mianzi,
ili mama Lusajo apumzike kushuka bondeni.*

"Alisema hivyo?"
Alisema. Alikuwa amekalia gunia la chokaa
akingoja mvua ikatike.
"Mimi hakuniambia."
Akatazama nje. Lori la viazi lilikuwa linapita,
magunia ya lumbesa yamevimba kamba,
akalitazama mpaka likaisha kona,
na baada ya hapo akaendelea kutazama barabara.

Niseme kweli, ya mfanyabiashara:
mstari ule niliuandika ili niuze.
Mtu ukimrudishia neno lake mwenyewe
huona haya kulikataa. Hiyo ndiyo hila yote,
na usiku ule niliionea fahari.
Sikujua nimebeba mzigo wa mtu.

Alinunua madebe mawili ya nyekundu.
Sikumpunguzia bei, angedhani namlipa.
Akaomba daftari, akaomba kalamu.
Jina la mumewe hakulikata.
Chini yake, kwa herufi za mtu aliyeishia darasa la nne,
SUBILAGA.
Kisha eka mbili na nusu.
Kisha, bila kuulizwa: KIPANDE CHA JUU.

Karatasi za njano bado ninazo, kama mia tatu hivi.
Zinawasha jiko vizuri.
Juzi nimegeuza moja, upande usio na kiazi,
nikaandika, "Tulinagwe,"
nikaweka mkato.
Mkaa umeisha mara mbili.
Mkato bado uko pale.