Saa Mbili Zilizosaa

Desemba imeingia na mie nadaiwa saa mbili.
Ishirini zatakiwa kwa mwaka; kumi na nane zimo daftarini,
kila moja na muhuri wake, kila moja na saini yangu,
ile ya asubuhi iliyonyooka, ile ya mchana iliyolala.
Mbili zimesaa.
Pasi nazo kitambulisho hakihuishwi,
na pasi na kitambulisho karani wa mahakama pale Wete
huniuliza, "Wewe nani yake?"
kana kwamba nimekuja kuomba maji.

Sikuzikosa kwa uvivu.
Siku ya semina ya mwezi wa tano nilikuwa Konde,
nimekaa jamvini na mke na mtalaka wake
wanagawana vijiko. Vijiko kumi na moja.
Kile cha kumi na moja kilitula hadi alasiri.
Kwenye fomu hakuna safu ya vijiko. Niliitafuta.

Basi Jumamosi nikashukia Chake, ukumbi wa ghorofani,
juu ya duka la nondo na saruji.
Feni mbili: moja yazunguka, moja yatazama.
Mkufunzi katoka Unguja na ndege ya asubuhi,
Bwana Haroub, shati limepigwa pasi mpaka lasema.
Mgeni Faki kando yangu keshasinzia,
kalamu mkononi kama aliyefia kazini.
Nami, Mungu nisamehe, nilifuata chai,
kachori, na muhuri.
Miaka tisa kazi hii; ukuta wenye picha utanambia nini?

Ndipo akasema, wala hakupaza sauti,
alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi:
muda wa kukata rufaa umebadilishwa
tangu mwaka jana. Si siku zile. Nusu yake.

Kachori ikanikaa mdomoni, haishuki, haitoki.

Bi Salha Kombo wa Kiuyu.
Mikarafuu minne ya marehemu babake,
kakake kaiuza yote, miti na kivuli chake,
na hukumu ikasomwa, ikamwacha nje.
Alinijia na karatasi pembeni mwa kanga, imekunjwa mara nane.
Nikamwambia, tena kwa sauti ya mwenye kujua:
"Usiwe na pupa, Bi Salha. Maliza kuchuma. Una nafasi."
Aliniletea chane ya ndizi, nikaikataa,
akaiacha mlangoni.

Nikahesabu kwa vidole chini ya meza
kama mtoto wa chuoni aliyesahau sura yake.
Nikahesabu tena.
Siku nne. Siku nne zimesaa,
na ya kwanza Jumapili.

Umeme ukakatika, ukuta ukawa ukuta.
Watu wakacheka, wakanyoosha miguu.
Mie nikanyanyua mkono:
"Na yule aliyeambiwa vingine na msaidizi wake wa sheria?"
Bwana Haroub alinitazama kidogo.
"Sheria haiulizi uliambiwa na nani," akasema.
Akakizungusha kifuniko cha kalamu yake.
"Nenda leo leo."

Lakini nilingoja. Naliandika hili ili lisipotee:
nilingoja hadi saa kumi, muhuri ugongwe.
Ukagongwa. Ishirini kamili.
Bwana wa fomu akanipa mkono, "Hongera, umetimia,"
na mkono wangu ulikuwa baridi.

Bodaboda, mvua ya vuli, cheti ndani ya mkoba
kinalowa pembe moja baada ya nyingine.
Bi Salha yuko ukumbini kwake anachambua,
karafuu huku, makonyo kule, vidole vimekoza rangi.
"Karibu. Mbona umerowa hivyo, mwanangu?"

Njia nzima nilikuwa nayo sentensi moja,
naidurusi, naipindua, naitafutia mlango wa adabu.
Nikavua viatu. Nikakikwepa kiti, nikakaa chini.
"Bi Salha, nilikwambia vibaya."

Akaendelea kuchambua. Konyo moja. Jingine.
Kisha akapangusa mikono, akaingia ndani,
akatoka na karatasi ile ile, mikunjo yake minane,
akaanza kuikunjua.