Kuku Mgeni

Nilimnunua Chavakali, siku ya soko,
mtetea wa rangi ya majivu,
miguu imefungwa kwa uzi wa gunia la sukari.
Nilimfungua mchana. Hilo ndilo kosa.
Punje ya kwanza hakuimeza.
Mtetea mweusi, ninayemwita Karani
kwa jinsi anavyohesabu nani amekula nini,
alimrukia utosini,
na wale wengine, wapole wa jana, wakajipanga
kumdonoa palepale penye jeraha.

Kuku akiona damu hana mjomba.
Nilimpaka dawa ya zambarau wasione wekundu,
nikatundika kabichi kwenye kamba wapate la kugombania,
nikamfungia Karani chini ya tenga siku tatu.
Alitoka na hasira ya siku tatu.

Shamba letu robo eka, na nusu yake mawe.
Nani asingedonoa?

Kageha, mke wa shemeji yangu, alikuja kuazima chumvi.
Akamtazama yule wa majivu pembeni ya choo,
akasema bila kucheka:
Mgeni haingizwi mchana, Muhonja.
Ngoja giza. Mpachike katikati yao kwenye ufito,
usingizi ukiwa umewalewesha.
Alfajiri watadhani wamelala naye miaka yote.

Mimi niliingia boma hili saa saba mchana,
nyuma ya pikapu, na kabati la kioo,
kioo kikimmulika kila mtu machoni.
Kageha alikuwa amesimama mlangoni.
Alihesabu vikombe vyangu kwa sauti.
Miaka minne sikuteka maji kisimani
bila neno kunigusa shingoni.

Nilimpimia chumvi. Hakuondoka.

Saa tatu usiku tuliinama bandani sisi wawili,
tochi ya simu tumeifunika kwa leso.
Yeye alimsogeza Karani kwa kiganja, taratibu,
kama anayemhamisha mtoto kitandani,
mimi nikampenyeza mgeni ubavuni.
Karani alikoroma koo, akajivuta,
akampa nafasi ya bawa moja.
Tulibaki tumeinama, kinyesi kikitunukia,
hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kunyanyuka.

Asubuhi alidonolewa mara moja,
kidogo, kama mtu kuulizwa jina.
Kisha wakaparua pamoja chini ya migomba.

Ile chumvi hajairudisha.
Sijaidai.